Masizi ya Chartres kwa macho ya fundi rangi

Kuna watu walioyalilia masizi. Mwaka 2009 mafundi walipoanza kusafisha ndani ya kanisa kuu la Chartres, kusini magharibi mwa Paris, na kuta zilizozoeleka nyeusi zikaanza kuonekana za rangi ya krimu iliyochanganyika na njano, wapenzi wa majengo ya kale walikuja juu. Wakasema jengo limenyang'anywa uzee wake. Mhakiki wa usanifu majengo wa Marekani, Martin Filler, aliandika mwaka 2014 akiiita kazi ile kashfa. Mabishano hayo hayajaisha mpaka leo. Ukimpata mzee wa Kifaransa anayependa makanisa, mtajie tu Chartres halafu agiza kahawa ya pili.

Mimi ni fundi rangi. Kazi nilijifunza Dar es Salaam, nikipiga msasa na kubeba ndoo za watu muda mrefu kabla sijaaminiwa brashi, na sasa napaka nyumba za watu katika vitongoji vya Paris. Kwa hiyo ugomvi wowote wa ukuta na uchafu wake nauona kama unanihusu. Nilikwenda kujionea Ijumaa moja ya Juni, pamoja na rafiki yangu wa kazini, Mkongomani wa Lubumbashi, ambaye huniita yaya kwa kuwa nimemzidi umri. Yeye ni Mkatoliki wa kweli kweli. Mimi ni Mlutheri wa Krismasi na Pasaka.

Treni inatoka stesheni ya Montparnasse na kuchukua saa moja na kitu. Ukishapita Rambouillet miti inapungua, unaingia uwanda wa Beauce, ngano mpaka macho yanachoka. Halafu minara inatokea, kabla hujaona paa hata moja la mji. Haifanani. Wa kusini ni wa karne ya 12, umepanda moja kwa moja bila madoido mpaka kama mita 105. Wa kaskazini ulipigwa na radi, ukapewa ncha mpya na Jehan Texier, maarufu kama Jehan de Beauce, kati ya 1507 na 1513. Umejaa nakshi na umempita mwenzake kwa urefu. Mimi naupenda ule wa zamani. Rafiki yangu anaupenda mpya, anasema fundi akilipwa lazima kazi yake ionekane.

Nje sikukaa sana, ingawa wengi wangenilaumu. Milango mitatu ya magharibi, ile inayoitwa Mlango wa Kifalme, ilichongwa katikati ya karne ya 12, na wafalme na malkia wa Agano la Kale wamesimama pale wembamba na warefu kama nguzo, maana ndiyo nguzo zenyewe. Mlango wa kulia una wanafunzi na wasomi: Pythagoras ameinama juu ya muziki wake, Aristotle naye yupo. Mji huu ulikuwa na shule kubwa kabla Paris haijawa na chuo kikuu. Na ukizunguka upande wa kusini wa mnara wa zamani utamkuta punda wa jiwe anayepiga ala ya nyuzi. Hakuna aliyenieleza nikaridhika kwa nini yuko pale. Nimempenda tu.

Sasa tuingie ndani, kwenye kazi.

Kanisa tunaloliona leo limetokana na moto. Tarehe 10 Juni 1194 kanisa lililokuwepo liliteketea pamoja na sehemu kubwa ya mji. Kilichopona ni uso wa magharibi na madirisha yake matatu, minara, na kanisa la chini ya ardhi ambalo Askofu Fulbert alilijenga karne ya 11. Lakini watu hawakulia kwa sababu ya mawe. Walilia kwa sababu ya kitambaa. Chartres ilikuwa na kipande kirefu cha nguo kilicholetwa mwaka 876 na Mfalme Charles le Chauve, na mahujaji waliamini kwamba Bikira Maria alikivaa alipomzaa Yesu. Mji wote uliishi kwa ajili ya kitambaa hicho: ibada, magulio, nyumba za wageni, kila kitu. Kikiungua, mji umekwisha. Siku ya tatu mapadri wakatoka nacho chini ya ardhi, kizima. Basi ikatangazwa mara moja kwamba Mama mwenyewe ameruhusu nyumba yake iungue kwa sababu anataka kubwa zaidi.

Fedha zikaja, mawe yakaja. Kufikia mwaka 1220 hivi dari la mawe lilikuwa limefungwa, mita 37 juu ya sakafu, juu ya kanisa lenye urefu wa mita 130. Miaka isiyofika 30! Najua nyumba ya vyumba vitatu Mbagala ambayo imekula muda huo huo na bado haina milango. Wakfu wenyewe ulifanyika tarehe 24 Oktoba 1260, Mfalme Louis wa Tisa akiwepo.

Waliwezaje kuweka madirisha makubwa namna ile kwenye jengo la mawe? Walihamishia uzito nje. Ukizunguka nyuma utaona matao mazito ya mawe yaliyoegemezwa kwenye ukuta kama watu wanaosukuma gari lililozimika. Hayo ndiyo yanayobana dari lisitanuke. Ukuta ukibaki bila mzigo unaweza kuutoboa utakavyo, na wao waliutoboa. Madirisha 176, vioo vya rangi kiasi cha mita za mraba 2,600, na sehemu kubwa ni vioo vile vile vya karne ya 12 na 13.

Ndipo tunafika kwenye swali langu. Baada ya mwashi kumaliza, ukuta ulifanywaje?

Ulipakwa. Wenye kulia wangependa iwe vingine, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mafundi wa karne ya 13 walipiga koti ya chokaa yenye rangi ya njano ya udongo juu ya mawe yote, halafu juu yake wakachora mistari myeupe kuonyesha maungio ya mawe. Na mistari hiyo haifuati maungio halisi! Mawe ya kweli yamekatwa makubwa kwa madogo, mengine yamepishana. Fundi rangi akaja akachora juu yake mawe ya uongo, yote sawasawa, yamenyooka kwa kamba. Nilisimama chini ya nguzo nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja akanigeukia. Miaka mia nane iliyopita mwashi alimwachia fundi rangi kazi ya kumfichia makosa. Kumbe hatukuanza sisi.

Mtu wa pwani hawezi kushangaa sana. Kuanzia Lamu mpaka Kilwa, aliyejenga kwa mawe ya matumbawe hakuuacha ukuta wake uchi. Chokaa ilikuwa sehemu ya ujenzi, wala haikuhesabiwa kuwa pambo. Haya mapenzi ya kuona jiwe tupu ni ya watu wa juzi. Wanadhani zama za kati zilikuwa za kijivu kwa sababu wao walizikuta za kijivu.

Weusi ulitoka wapi? Ulitokana na mishumaa ya karne na karne, mitambo ya kupasha joto, vumbi la watu, na moto mwingine mkubwa wa mwaka 1836 ulioteketeza paa la mbao lililokuwa likiitwa msitu. (Paa la sasa lina fremu ya chuma na limeezekwa shaba, ndiyo maana kwa mbali ni la kijani.) Mafundi walipoanza kuondoa tabaka hilo walikuta sehemu kubwa ya koti ya karne ya 13 bado imeshika. Wakaisafisha, wakaigandisha palipolegea, wakajaziliza palipokuwa pamebanduka. Kwa hiyo anayesema kanisa limepakwa upya lote anasema kisichokuwepo. Ukikaribia nguzo, pembeni palipoachwa bila kuguswa sana, utaona alama za brashi ambazo hazina ufundi wa leo.

Nikiri upande wa pili una hoja moja nzuri, na wanaoitetea kazi hii huipita haraka mno. Kioo cha rangi hung'aa zaidi kikizungukwa na giza. Zamani ukiingia ulikuwa hujioni miguu. Ulisimama, macho yakazoea polepole, halafu madirisha yakajitokeza yakiwa yanaelea bila ukuta. Waliokuja Chartres wakiwa vijana wanakumbuka hilo tu. Sasa ukuta unaonekana, kwa hiyo dirisha linaonekana limewekwa kwenye ukuta, kama dirisha. Na asubuhi ile tulipoingia mbingu ilikuwa na mawingu, nikaona wanachokisema: krimu ya kuta ilikuwa inaichokoza buluu kidogo.

Lakini jua lilipotoka baada ya saa sita mambo yakabadilika. Upande wa kusini ndio unaopokea jua, na mwanga ukipita kwenye vioo vile unaangukia nguzo za ndani. Buluu, wekundu, kijani hafifu, mabaka mabaka, yanapanda nguzo taratibu kadiri jua linavyosogea. Kila fundi rangi anajua kwamba ukuta mweusi unameza mwanga. Kwenye masizi mabaka yale yangekufa hapo hapo. Kwenye ile chokaa ya njano yanakaa, yanaonekana mpaka kingo zake. Waliopiga koti ile walikuwa wanajua kitakachoingia dirishani. Siwezi kuamini kwamba watu waliohangaika na kobalti na majivu na tanuru kupata buluu ya namna ile waliacha iangukie popote tu.

Buluu yenyewe inahitaji maneno kidogo. Ya zamani zaidi iko kwenye madirisha matatu ya magharibi, ya miaka ya 1150 hivi, moja likionyesha mti wa ukoo wa Yese, la kati maisha ya Yesu tangu kupashwa habari kwa Maria, na la tatu mateso yake. Ni kioo chenye kobalti na soda, kigumu, ambacho hali ya hewa haikukila kama ilivyokila vioo vya karne iliyofuata. Inaitwa buluu ya Chartres, na ni nyepesi kuliko nilivyotarajia, inaelekea anga la asubuhi. Cha kuchekesha ni kwamba miaka ya 1970 madirisha haya haya yaliposafishwa kelele zilikuwa zile zile: mmeiua buluu. Leo watu hao hao, au watoto wao, wanaitaja buluu hiyo kama kitu ambacho weupe wa kuta unakiharibu.

Buluu hiyo iko pia kwa Maria wa Dirisha Zuri, upande wa kusini karibu na altare. Huyu ni wa mwaka 1180 hivi. Vioo vyake viliokoka mwaka 1194, vikaungwa kwenye dirisha jipya na malaika wa karne ya 13 wakawekwa kumzunguka. Vazi lake ni jepesi kabisa juu ya mandhari mekundu. Ukitazama vizuri unaona tofauti ya mikono miwili: aliyemchora yeye hana haraka, waliowachora malaika wana dirisha jingine la kumaliza.

Nilikotumia muda mwingi ni chini, kwenye vipande vya pembeni vya madirisha, kwa mafundi. Yako mengi. Washona viatu wako chini ya hadithi ya Msamaria Mwema, wabadili fedha chini ya Yusufu, maseremala na watengeneza magurudumu chini ya Nuhu, wabeba maji chini ya Maria Magdalena. Waoka mikate, wachinjaji, wauza manyoya. Zamani ilisemwa kwamba vyama vyao ndivyo vilivyolipia madirisha hayo. Wapo wasomi wanaobisha, wanasema mapadri ndio walioamua nani aonekane. Mimi sina upande. Nilichotaka ni kuona wameshikaje vifaa. Kwenye dirisha la Mtakatifu Chéron wamo waashi na wachongaji wanaotengeneza sanamu za wafalme, na mmoja ameacha kazi anakunywa. Rafiki yangu alinigusa bega, akaniambia, "Yaya, ule ni wewe." Fundi rangi sikumwona popote. Nadhani alikuwa bado juu ya jukwaa.

Dirisha kubwa la duara la kusini nitalipita haraka. Chini yake wainjilisti wanne, walioandika Injili, wamebebwa mabegani na manabii wanne, na wenye kujua hulihusisha na Bernard wa Chartres, aliyefundisha hapa karne ya 12 na kusema sisi ni vibeti tuliokaa juu ya mabega ya majitu. Ni wazo zuri. Kwa macho, Luka aliyekaa shingoni kwa Yeremia anaonekana hana raha hata kidogo.

Tulikogombana ni kwa Mama wa Nguzo.

Ni sanamu ya mbao ya karne ya 16, Maria na Mtoto, iko juu ya nguzo upande wa kaskazini, imevikwa nguo, mishumaa mingi mbele yake. Kwa vizazi vingi alikuwa mweusi, na mahujaji walimjia hivyo, akiwa mmoja wa Mabikira Weusi mashuhuri wa Ufaransa. Katika kazi hizi hizi za usafi waliondoa weusi huo, na sasa ana uso mweupe wenye mashavu ya waridi. Hoja ni ile ile ya kuta: weusi ulikuja baadaye, chini yake kulikuwa na rangi ya mwanzo. Watu waliandika hata ombi la kupinga.

Rafiki yangu alisimama mbele yake muda mrefu bila kupiga ishara ya msalaba. Halafu akasema mama yake Lubumbashi alikuwa na kadi yake ndani ya kitabu cha sala. "Alikuwa mweusi. Sasa mtu ameamua kwamba weusi wake ulikuwa uchafu."

Nikamjibu kifundi. Nikamwambia ukikubali ukuta usafishwe huwezi kukataa sanamu isafishwe, tabaka ni tabaka. Akanitazama kwa huruma. "Yaya, kuna mtu alipigia magoti ukuta?"

Sikuwa na jibu na bado sina. Naweza kutetea kila mita ya ile chokaa, kwa kuwa hakuna aliyekuja Chartres kwa ajili ya masizi ya dari. Lakini weusi wa yule mama watu walikuja kwa ajili yake, wakauwekea nadhiri, wakaondoka nao kwenye kadi mpaka Katanga. Kitu kikishapewa kazi hiyo, sidhani fundi peke yake anatosha kuamua kipi ni cha asili. Ningekuwa mimi juu ya jukwaa lile ningeshuka nikaulize. Rafiki yangu anasema hata kuuliza kusingetosha, wangeacha tu.

Nikampeleka kwenye dirisha la duara la kaskazini, la miaka ya 1230, lenye mayungiyungi ya wafalme wa Ufaransa na ngome za Castile, alama za Malkia Blanche, mama yake Louis wa Tisa. Chini yake, katikati ya madirisha matano marefu, amesimama Mtakatifu Anna, bibi yake Yesu, amempakata Maria akiwa mtoto. Chartres ilipata masalio ya kichwa cha Anna kutoka Constantinople baada ya mji ule kuporwa mwaka 1204, kwa hiyo wamempa nafasi ya heshima. Uso wake ni wa kahawia iliyoiva, macho makubwa, anatutazama wima. Rafiki yangu alipiga ishara ya msalaba hapo. "Huyu hawakumweza," akasema, "ni kioo."

Madirisha haya yote yaliteremshwa mwaka 1939 vita vilipokaribia, yakafungwa kwenye makasha, yakafichwa mbali. Jengo lenyewe lilinusurika kwa kitu chembamba zaidi. Agosti 1944 wanajeshi wa Marekani walishuku kwamba Wajerumani wanatumia minara kuelekeza mizinga, na jengo likawa hatarini kupigwa. Kanali mmoja kutoka Texas, Welborn Griffith, akaingia na kupanda mwenyewe, hakukuta mtu, akatoa ishara kwamba pako salama. Aliuawa siku hiyo hiyo katika kijiji cha Lèves, kaskazini kidogo ya hapo.

Kwa atakayekwenda: nenda siku ya jua, ukae mpaka alasiri, hata kama asubuhi hukuvutiwa. Kati ya Kwaresima na Oktoba viti vya katikati huondolewa siku za Ijumaa ili watu watembee kwenye ile njia ya mizunguko iliyochorwa sakafuni kwa mawe. Duara lake lina upana wa karibu mita 13 tu lakini njia yenyewe ni zaidi ya mita 260, na watu huvua viatu. Ukipata tarehe 21 Juni, tafuta dirisha la Mtakatifu Apollinaris upande wa magharibi wa mkono wa kusini wa kanisa: kuna kitundu kidogo kisicho na rangi, na jua la utosi hupita hapo likaangukia kipande cha chuma kilichopachikwa kwenye bamba moja la sakafu lililolazwa mshazari. Kanisa la chini ya ardhi huingiwi bila kiongozi, kwa hiyo uliza saa mapema. Sanamu ya Maria ya huko chini nayo ilichomwa moto wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1793, na iliyopo sasa ni nakala ya mbao isiyopakwa rangi. Beba darubini. Mafundi wa Mtakatifu Chéron wako nyuma ya altare upande wa kaskazini, na bila darubini hutaiona ile bilauri.